SIMU YA INTANETI NA DAFTARI LA MCHUUZI

Naomba nafasi katika gazeti letu la muhula huu nitoe maoni yangu juu ya jambo linalozungumzwa sana na wazazi wenye biashara ndogo, nalo ni kupiga simu kwa njia ya intaneti ili kupunguza gharama. Mimi ni mwalimu wa hesabu za biashara katika shule hii, na kwa sababu hiyo wazazi wengine wanapokuja shuleni huniuliza kama ni kweli kwamba simu hiyo ni bure. Jibu langu ni fupi. Si bure. Ni rahisi sana kwa mtu anayeandika hesabu zake, na yaweza kuwa ghali kwa mtu asiyeandika. Tena kuna watu ambao hawafai kupigiwa kwa njia hiyo hata kidogo, na hao ndio walionifanya nishike kalamu.

Jambo hili si dogo kwetu. Ada ya shule za serikali iliondolewa kwa Kidato cha Kwanza hadi cha Nne tangu mwaka 1 wa shule ulioanza Januari 2016, lakini sare, madaftari, viatu, nauli na chakula havikuondolewa. Wengi wa wanafunzi wetu hapa Mwanza wapata vitu hivyo kwa jasho la mama anayechuuza dagaa, au baba mwenye kibanda cha vifaa vya baiskeli, au shangazi mshona nguo. Katika biashara za namna hiyo faida ya siku nzima huweza kuingia katika kiganja kimoja. Shilingi inayopotea katika simu haipotei mbali. Imetoka katika daftari au kiatu cha mtoto. Wahenga walisema bandu bandu huisha gogo, na mara nyingi gogo la mchuuzi huisha pasipo yeye kusikia shoka.

Yafaa kwanza tuelewe simu hii inavyofanya kazi, maana mtu asiyejua anachonunua hawezi kujua kama amepunjwa. Katika simu za tarakimu za desturi, sauti ya msemaji hupimwa mara 8,000 kila sekunde, na kila kipimo huandikwa kwa biti 8. Kwa hiyo sekunde moja ya maneno ni biti 64,000, yaani baiti 8,000, na dakika moja ni baiti 480,000, karibu nusu ya megabaiti. Simu ya intaneti huichukua sauti hiyo na kuikatakata katika vipande vidogo, aghalabu 50 kwa kila sekunde, na kila kipande hutiwa katika pakiti yenye anwani yake na namba yake.

Mfano wake ni shehena iliyogawanywa katika mitumbwi mingi. Mitumbwi yote yaondoka kisiwa kimoja na kwenda mwalo mmoja, lakini si lazima ipite njia moja. Ikifika hupangwa kwa namba zake na mzigo huwa mzima tena. Mtumbwi ukichelewa mno hausubiriwi, na neno lililokuwamo hupotea. Ndiyo sababu sauti hukatika pale mtandao unapokuwa dhaifu. Shirika la Kimataifa la Mawasiliano, ITU, limeelekeza kwamba mazungumzo huwa mazuri kama sauti haichukui zaidi ya milisekunde 150 kutoka kinywa cha mmoja hadi sikio la mwingine. Ikizidi sana hapo, watu huanza kuingiliana maneno.

Hesabu hiyo yaeleza pia kwa nini zamani simu hii haikutufaa. Kabla ya mwaka 2009 sehemu kubwa ya intaneti ya Afrika Mashariki ilipitia setilaiti zilizo karibu kilomita 36,000 juu ya ikweta. Kupanda na kushuka ni kilomita 72,000, na hata kwa mwendo wa mawimbi ya redio, ambao ni kilomita 300,000 kwa sekunde, safari hiyo yachukua milisekunde 240 kwa upande mmoja tu. Mwezi wa Julai 2009 waya wa baharini wa SEACOM ulianza kazi, na mwaka 2010 ukafuata ule wa EASSy, yote miwili ikipita Dar es Salaam. Njia ikawa fupi na pana zaidi. Programu zenyewe zilikuwa zimekwisha kutangulia. Majaribio ya kupitisha sauti kwa pakiti yalifanywa Marekani katika miaka ya 1970. Mwaka 1995 kampuni ya VocalTec ya Israeli ilianza kuuza programu ya simu kwa watu wa kawaida, Skype ikazaliwa mwaka 2003, na WhatsApp ikaanza kupigisha simu za sauti mwaka 2015. Hiyo ya mwisho ndiyo inayojulikana zaidi katika masoko yetu.

Sasa tuitazame biashara moja tunayoifahamu sote, nayo ni dagaa wa Ziwa Viktoria. Dagaa huvuliwa usiku wa giza kwa taa, na siku za mbalamwezi wavuvi wengi hupumzika. Huanikwa juani, kisha hutiwa katika magunia na kuletwa kutoka visiwa vya Ukerewe, Ukara na kwingineko hadi soko la Kirumba Mwaloni. Hapo huja wanunuzi wa mikoa mingine na wa nchi jirani, wakiwamo wa Kongo. Biashara hii huendeshwa kwa habari. Mvua ikinyesha kabla dagaa hawajakauka, bei huanguka, na mzigo uliokusudiwa kuwa chakula cha watu huweza kuishia kuwa chakula cha kuku. Mchuuzi apaswa kujua leo, si kesho, mzigo gani umekauka, boti gani inaondoka, na mnunuzi atatoa bei gani. Kwa mchuuzi wa dagaa simu ni chombo cha kazi kama ilivyo mizani.

Tuseme basi mchuuzi mmoja ana mnunuzi katika mji wa Lubumbashi. Lugha si taabu, kwa kuwa Kiswahili kinasemwa sana huko. Saa nayo si taabu, ila akumbuke tu kwamba saa ya Lubumbashi iko nyuma ya yetu kwa saa moja. Taabu ni gharama ya simu ya kawaida ya kuvuka mpaka. Nitatia tarakimu za mfano, ambazo si bei ya kampuni yoyote. Kila msomaji aondoe zangu na kuweka zake.

Mchuuzi huyu hupiga simu 4 kwa wiki, kila moja dakika 5. Jumla ni dakika 20. Dakika ikiwa sh. 600, atalipa sh. 12,000 kwa wiki, na kwa wiki 52 za mwaka sh. 624,000. Akihamia simu ya intaneti, tuhesabu kwa tahadhari kwamba kila dakika, kwenda na kurudi, hutumia megabaiti 1. Atatumia megabaiti 20 kwa wiki. Tuseme ananunua kifurushi cha megabaiti 1,000 kwa sh. 2,000 kila wiki. Kwa mwaka ni sh. 104,000. Tuongeze simu janja ya sh. 240,000 itakayodumu miaka 2, yaani sh. 120,000 kwa mwaka. Jumla ya gharama yake ni sh. 224,000. Ameokoa sh. 400,000 kwa mwaka. Hizo zaweza kuwa sare za watoto wawili pamoja na madaftari yao, na bado akabakiwa na fedha ya kuongeza magunia. Kwa mtu wa namna hii nasema pasipo kusitasita: apige kwa intaneti, na aanze wiki hii.

Lakini tazama mchuuzi wa pili. Huyu hanunui wala hauzi nje ya nchi. Watu wake wote wako visiwani, sokoni na Shinyanga. Ana simu ndogo ya vibonye, ile tunayoiita kitochi, na kila wiki hununua kifurushi cha dakika 100 za mitandao yote kwa sh. 2,000. Mwaka mzima atatumia sh. 104,000. Ameambiwa na jirani kwamba watu wa kisasa hawapigi tena simu za kulipia, naye anunua simu janja na kifurushi cha intaneti kama yule wa kwanza. Gharama yake imepanda kutoka sh. 104,000 hadi sh. 224,000. Amepoteza sh. 120,000 kwa mwaka akidhani kwamba ameokoa. Hapana shaka simu janja yaweza kumfaa kwa kazi nyingine, kama kuonyesha picha za bidhaa au kupokea maagizo. Ikiwa ndivyo, bei yake isitiwe yote katika hesabu ya simu. Lakini aijue sababu ya kuinunua, wala asiandike neno akiba mahali ambapo akiba haipo.

Wanafunzi wa hesabu waone hapa jambo moja. Chombo kilekile, kwa bei ileile, kimemnufaisha mmoja na kumdhuru mwingine. Tofauti haimo katika chombo, imo katika daftari: nani anapigiwa, yuko wapi, kwa dakika ngapi. Mali bila daftari hupotea bila habari, na akiba nayo vivyo hivyo.

Tena yuko adui wa ndani ya nyumba. Nimesema kwamba maongezi ya mchuuzi wa kwanza yalikula megabaiti 20 kati ya 1,000. Zile 980 zilizobaki zinaliwa na nani? Wasomaji wengi wanalo jibu, na wengine wao ndio wenyewe. Simu ya mama ikiwekwa mezani jioni, kijana huichukua atazame mpira, mdogo wake atazame vikatuni, na vikundi vya arusi na misiba huleta picha zinazojipakua zenyewe. Kufika siku ya tatu kifurushi kimekwisha, na mnunuzi wa Lubumbashi apiga asipate mtu. Mama hununua kingine. Akinunua vifurushi 2 vya ziada kila wiki, sh. 208,000 za mwaka zimetoka katika ile akiba ya sh. 400,000. Akinunua 4, zimetoka sh. 416,000, akiba yote imekwisha na hasara ya sh. 16,000 imeingia, ilhali bado anasema kwamba simu yake ni ya bure.

Dawa yake si ngumu. Katika programu hizi kuna mahali pa kuzuia picha zisijipakue, na mahali pa kuamuru simu itumie data kidogo wakati wa maongezi. Simu ya picha nayo hula data mara nyingi kuliko ya sauti, basi itumike pale tu picha inapohitajika, kwa mfano mnunuzi anapotaka kuona kama dagaa wamekauka. Lakini dawa iliyo kubwa kuliko hizo ni watoto wa nyumba kujua kwamba kifurushi cha biashara ni mtaji kama gunia lililoko ghalani. Mtoto mwema hachoti dagaa wa mama yake akawatupa kwa paka, basi asichote data yake vilevile.

Nafika sasa katika jambo ninaloliona kubwa kuliko yote. Katika simu ya kawaida ya hapa nchini, anayepiga ndiye anayelipa, na anayepokea halipi kitu. Katika simu ya intaneti mambo si hivyo: kila upande hutumia data yake, anayepiga na anayepigiwa. Ndiyo kusema kwamba mchuuzi anapoacha kumpigia mvuvi simu ya kawaida na kumwambia, "Washa data tuongee," sehemu ya gharama haikufutwa. Imehamishwa kutoka mfuko wa mchuuzi kwenda mfuko wa mvuvi.

Mfanyabiashara wa Lubumbashi aweza kuubeba mzigo huo bila kuuhisi, kwa kuwa naye ameepuka gharama ya simu ya mpakani. Hapo wote wawili wamepata nafuu, na hiyo ni biashara njema. Lakini mvuvi wa Ukara aliye na kitochi hawezi kuwasha data, maana simu yake haina. Wala hana kitochi kwa ujinga. Kitochi hukaa na chaji siku kadhaa mahali ambapo umeme ni wa shida, huvumilia kuanguka, na huuzwa kwa bei ndogo. Mchuuzi akisema kwamba siku hizi anapatikana kwa WhatsApp tu, amemfungia mlango mtu huyo. Mvuvi hatajua bei ya leo ya Kirumba, naye atamwuzia mtu wa kwanza atakayefika na mizani yake kwa bei atakayotajiwa. Na mchuuzi naye atapoteza, kwa sababu siku mzigo mzuri utakapokauka, mvuvi atampigia yule anayepokea simu.

Kwa hiyo nasema kwamba akiba ya haki ni ile inayotokana na kuacha upotevu, si ile inayotokana na kumsukumia mnyonge gharama. Mwenye biashara aangalie kila jina katika daftari lake na ajiulize: nikimhamishia mtu huyu simu ya intaneti, sisi wawili tutapata nafuu, au nitapata mimi na yeye apate hasara? Jibu likiwa la pili, aendelee kumpigia kama zamani. Mvuvi akimbipu, ampigie. Ni desturi yetu ya miaka mingi kwamba mwenye uwezo ndiye anayerudisha simu, na ni desturi nzuri.

Najua ya kuwa watakuwapo wa kunipinga, nao ni wa namna mbili.

Wa kwanza ni baadhi ya wazee wanaosema kwamba mambo haya ni anasa ya vijana, na kwamba biashara iliendeshwa miaka yote bila intaneti. Nawaheshimu, lakini sikubaliani nao. Biashara iliendeshwa pia kwa barua, na ilipokuja simu hatukuendelea kungoja posta ili kuonyesha uaminifu kwa wazee wetu. Mtu anayelipa sh. 12,000 kwa wiki mahali ambapo angeweza kulipa sh. 2,000 hahifadhi desturi yoyote. Anawapa wageni fedha ya watoto wake.

Wa pili ni vijana wanaosema kwamba simu ya kawaida imekwisha kufa, na kwamba kila kitu kihamie intaneti. Hao nawakumbusha mambo mawili. Tarehe 12 Mei 2024 nyaya za baharini za EASSy na SEACOM zilipata hitilafu upande wa Afrika Kusini, na intaneti ikadhoofika sana hapa kwetu na katika nchi jirani. Mtu aliyekuwa na njia moja tu ya kuongea na wateja wake alikaa kimya siku hiyo, wala dagaa wake hawakungoja nyaya zishonwe. Jambo la pili ni la Skype niliyoitaja juu. Ilitumiwa na mamilioni ya watu ulimwenguni, na mwaka 2011 ilinunuliwa na Microsoft kwa dola bilioni 8.5, lakini mwezi wa Mei 2025 ilifungwa. Kama programu kubwa kiasi hicho yaweza kufungwa, si busara namba za wateja wote kukaa ndani ya programu moja. Ziandikwe katika daftari kwa wino, jina, mji na namba. Daftari halihitaji chaji.

Naongeza kwamba sheria za nchi si moja. Wako wenzetu wa Dar es Salaam na Zanzibar wanaonunua bidhaa Dubai na China. China iliizuia WhatsApp mwaka 2017, na wafanyabiashara wa huko hutumia WeChat. Nayo Falme za Kiarabu kwa miaka mingi imezuia simu za intaneti za programu zisizopewa leseni huko. Basi mtu anayetaka kufanya biashara na nchi ya mbali aulize kwanza njia inayoruhusiwa huko, asije akafika katikati ya mapatano akakosa sauti. Tena programu kama WhatsApp haipigi namba ya dharura. Moto au mwivi akitokea dukani, ni simu ya kawaida itakayofika 112.

Liko pia jambo la uaminifu. Sauti huruka na kupotea, na picha ya mtu kwenye kioo si mtu mwenyewe. Baada ya kila mapatano, mchuuzi aandike ujumbe mfupi wa magunia mangapi, bei gani, siku gani, na mwenzake ajibu kwamba amekubali. Akipokea simu ya intaneti kutoka namba ngeni yenye picha ya mteja wake, ikimwomba atume fedha, aikate kwanza na kuipiga ile namba ya zamani iliyo katika daftari. Na zile tarakimu 6 zinazotumwa katika simu kuthibitisha kwamba namba ni yake, asimpe mtu yeyote, hata akijiita nani. Mwenye kuzitoa ametoa ufunguo wa duka. Mwizi ataongea na wateja wote kwa jina lake, na hasara ya saa moja itazidi akiba ya mwaka.

Kwa kifupi, haya ndiyo ninayomshauri mwenye biashara ndogo. Kwanza, aandike simu zote anazopiga kwa mwezi mmoja: jina, mahali, dakika na gharama. Pili, azigawe katika mafungu mawili, za mbali na ndefu upande mmoja, za karibu na fupi upande wa pili. Tatu, fungu la kwanza alihamishie intaneti, kama mwenzake naye anayo na amekubali. Nne, fungu la pili aliache katika simu ya kawaida, na laini yake iwe wazi kwa kila mtu mwenye kitochi. Tano, kifurushi cha biashara kisichanganywe na cha nyumbani. Sita, mwisho wa mwezi alinganishe hesabu mpya na ya zamani, aone kwa macho yake kama ameokoa au ameambiwa tu kwamba ameokoa.

Mtu aweza kusema kwamba mchuuzi aliyeamka saa 10 za alfajiri hana nafasi ya kuandika yote hayo. Ni kweli, na hapo ndipo ninapowageukia ninyi wanafunzi. Shuleni simu haziruhusiwi kwenu, na siandiki ili kanuni hiyo ibadilishwe. Kazi ninayowapa haihitaji simu yenu. Inahitaji kalamu, daftari la kurasa 40 na hesabu mliyojifunza tangu Kidato cha Kwanza. Likizo ijayo kaeni na mama, baba, shangazi au mjomba kila jioni kwa dakika 10. Mwulizeni kwa adabu: leo umempigia nani, kwa muda gani, kwa kiasi gani? Andikeni. Msimcheke kwa kutojua, wala msimfundishe kwa majivuno, kwa maana yeye ndiye aliyewalipia hiyo kalamu. Baada ya siku 30 jumlisheni mbele yake na mwonyesheni mafungu yale mawili.

Husemwa mara nyingi kwamba masomo ya shule hayana kazi nyumbani. Mwanafunzi atakayemwonyesha mzazi wake mahali ambapo shilingi zake zinavujia atakuwa amelijibu neno hilo kuliko mwalimu yeyote. Muhula ujao nitafurahi kuyaona madaftari hayo. Watakaopenda wayalete darasani pasipo majina ya wateja, nasi tutayatumia katika somo la mizania badala ya mifano ya kitabuni.

Mwalimu wa Hesabu za Biashara